Dakika Kumi na Moja za Shamsiya

Nianze na hasira zangu, maana nikijifanya mpole nitakuwa nasema uongo. Mwezi uliopita yule bwana Anold kaandika gazetini ati yeye ni miongoni mwa watu wa kwanza nchi hii kuitambua filamu ya Shamsiya. Wa kwanza! Nilisoma nimesimama dukani, miwani imeteremka puani, mteja ananiuliza habari za mapazia wala simsikii. Nikamwambia, "Dada, nipishe kidogo, kuna mtu hapa ananichokoza." Akanitazama, akaenda zake duka la pili.

Mie naitwa Narmin, binti Rehmatulla. Watu wa Chumbageni wa umri wangu wananijua, maana nusu yao wameazima kanda za video dukani kwa marehemu baba, kabla sijageuza duka kuwa la mapazia. Na huyo Shamsiya ni shoga yangu, tena si wa juzi. Kazaliwa Pangani, katika wale Waarabu wa minazi ya ng'ambo ya mto, akaletwa hapa mjini kuolewa na Ammar, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ukikutana naye njiani humdhanii kitu. Mwanamke wa miaka hamsini na mitano, mnene kiasi, baibui jeusi, magoti yanamsumbua. Ni fundi wa kanzu. Bwana harusi akitaka kanzu yenye darizi ya mkono shingoni, si ya mashine, anaelekezwa kwake. Maneno hana. Ukimtukana anakutazama tu, mpaka unajiona mpumbavu mwenyewe.

Sasa mwaka 2003 binamu yake, Wael, akaja na wazimu wake. Wael alikuwa mpiga picha za harusi. Kila harusi ya Tanga na Pangani utamkuta na kamera begani, anapanda juu ya viti vya watu. Akasema amechoka kupiga picha watu wakila biriani, anataka kutengeneza filamu. Hadithi yenyewe ilikuwa ya kizuka, yaani mwanamke aliyefiwa na mume, amekaa eda ndani miezi minne na siku kumi, haonani na wanaume wa nje. Na nje barazani shemeji zake wanagawana shamba la minazi, wanadhani hasikii. Mke anasikia kila neno. Basi. Hiyo ndiyo filamu. Akaiita Kanzu ya Saba.

Akamtaka Shamsiya awe huyo kizuka. Loo, maneno yaliyozuka! Wanawake wa ukoo wao walikuja juu. "Unajichuria! Mume yu hai, anakula anashiba, wewe unakaa eda?" Hakuna hata mmoja aliyekubali kumwazima kitambaa cha kufunika kichwa, waliogopa uchuro. Shamsiya akajishonea mwenyewe. Ammar, tumpe haki yake, alimwambia, "Kacheze, bora nywele zisionekane." Akaenda Pangani wiki tatu, kwenye nyumba ya babu yake, wakapiga ile filamu.

Niwaeleze kile kipande, maana ugomvi wote uko hapo. Kizuka ameketi chumbani, mlango umerudishwa. Nje sauti za wanaume: huyu achukue minazi ya mtoni, huyu achukue ya juu, mjane tumpe chumba cha uani. Kamera haitoki usoni na mikononi mwa Shamsiya. Anakunja kanzu za marehemu. Anazikunja kama fundi anavyokunja, mikono ndani, shingo juu, anapitisha kiganja kunyoosha. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatoi chozi. Kwao halii mtu kwa kelele, hilo sote wa pwani tunalijua, mwanamke aliyefiwa unamsoma mikononi. Anafika ya saba, anaishika, anasikia neno fulani la shemeji mdogo, na ile ya saba haikunji. Anaiweka mapajani hivyo hivyo. Anaweka kiganja juu yake, hakiondoi. Nimepima kwa saa ya ukutani, zaidi ya mara moja: kipande chote ni dakika kumi na moja.

Wael akapeleka kanda Dar, kwa gazeti ambalo kila Jumapili lilikuwa na ukurasa wa filamu. Mwenye ukurasa ni huyo Anold. Wakati ule neno la Anold lilikuwa neno. Akikusifu, kumbi zinakupigia simu. Akikuponda, hata jirani yako hakuulizi.

Aliandika hivi, na nayajua kwa moyo kama ninavyoijua namba ya nyumba yetu: "Kwa nusu saa nzima mtazamaji analazimishwa kutazama nguo zikikunjwa. Mwigizaji, kama kweli ni mwigizaji, hana chozi, hana sauti, hana sura. Nilidhani ni tangazo la sabuni ya kufulia, nikasubiri nitajiwe bei. Tunamshauri bibi huyu arudi jikoni, na mpiga picha arudi harusini."

Nusu saa! Hata kuhesabu hakuhesabu, mwanaharamu yule. Mungu anisamehe, lakini ndivyo nilivyosema na ndivyo ninavyosema mpaka leo.

Haya, sasa nije kwenye aibu yangu, maana mtu akiwasema wengine lazima ajiseme na yeye. Duka la baba lilikuwa na desturi yake. Kila filamu iliyoandikwa gazetini, baba alikata yale maandishi akayabandika chini ya kioo cha kaunta. Nzuri, mbaya, yote. Watu walikuwa hawachagui kanda kwa picha ya jalada, wanainama kwenye kioo wanasoma kwanza. Baba alikuwa na imani na gazeti kupita kiasi. "Hawa ni watu waliosoma," alikuwa akisema. "Sisi wauza duka tunajua nini?" Na mie nililelewa hivyo. Wael alikuwa ametuletea kanda sita. Lilipokuja gazeti la Jumapili ile, nikashika mkasi kama kawaida, nikakata, nikapaka gundi, nikabandika. Filamu ya shoga yangu! Sikuwa nimeitazama hata dakika moja. Gazeti limesema, basi.

Watu wakainama, wakasoma, wakacheka. Zile kanda ziliazimwa mara nne tu. Na zote zilirudi hazijarudishwa nyuma, zimesimama, nilikuja kuliona hilo baadaye, pale pale, mwanzoni mwa kukunja kanzu. Watu walifika hapo, wakasema, "Ndiyo hii sabuni yenyewe," wakazima.

Na jina likamganda. Sabuni. Sokoni Sabuni, harusini Sabuni. Mtu mzima na akili zake anamuona Shamsiya kanunua samaki, anamwuliza, "Bi Sabuni, leo unakunja nini?" Watu wa Tanga tunajua kutania, lakini kuna utani ni ukatili tu, na ule ulikuwa ukatili. Ukumbi uliokuwa umekubali kuionyesha filamu Idi ile ulibadili nia. Wael alikuwa ameshaandika hadithi ya pili, na Shamsiya alikuwa ameshaanza kujifunza maneno yake. Ammar akamwambia, tena kwa upole, "Sasa yatosha, mama. Wanatucheka mpaka msikitini." Wael akauza kamera, akapanda ndege kwenda Maskati, huko anapeleka mizigo majumbani. Shamsiya akarudi kwenye sindano yake. Alikuja dukani siku moja, akainama kwenye kioo, akasoma mpaka mwisho, akaniuliza, "Baba hajambo?" Nikasema hajambo. Akaenda zake.

Nilikuja kuitazama baada ya miaka mitatu, Ijumaa moja ya mvua, duka halina mtu. Nililia mpaka baba akatoka nyuma kuniuliza nani kafa. Nikaibandua ile karatasi, nikaiweka kwenye daftari la baba la maandishi ya magazeti. Nikaenda kwa Shamsiya na kanga ya kichwa imelowa, nikamwangukia. Alinifungulia mlango, akasema, "Kunywa chai kwanza." Hayo ndiyo maneno yote niliyopewa.

Miaka ikapita. Mwaka juzi akaja Khuloud, binti mmoja wa hapa hapa Tanga anayefundisha habari za filamu chuoni huko Dar. "Shikamoo, shangazi. Nasikia baba yako alikuwa anatunza maandishi ya magazeti." Nikamwambia ni kweli, yako kwenye madaftari. Akanieleza kazi yake. Anakusanya yale waliyoandika wahakiki siku ya kwanza juu ya filamu ambazo leo watu wanaziita za kale na dhahabu. Akasema ni hivyo dunia nzima, si kwetu tu. Filamu ambazo leo zinafundishwa vyuoni, siku ya kwanza ziliandikwa kuwa ni upuuzi, ni ndefu, hazina kichwa wala miguu, aliyezitengeneza atafute kazi nyingine. Kisha inapita miaka ishirini, wale wale au wanafunzi wao wanageuka: ni johari! Nikamwambia, "Mwanangu, kumbe ni ugonjwa mkubwa hivyo? Na hao waandishi hawashitakiwi popote?" Akacheka. Mie sikuwa natania.

Akalikuta daftari, akaikuta karatasi ya Shamsiya, akataka kuiona filamu. Nilikuwa nimebaki na kanda moja. Akaihamishia kwenye kompyuta, akawaonyesha wanafunzi wake, wale nao wakaiweka mtandaoni, na hapo tena ndiyo ikavuma. Vijana wanaandika kurasa na kurasa juu ya mikono ya Shamsiya. Mikono! Wanaandika juu ya kanzu ya saba, wanabishana shemeji mdogo alisema neno gani na mke alikuwa anafikiri nini. Likatangazwa tamasha la filamu hapa Tanga, na filamu ya kufungulia ni ya Shamsiya. Mwenyekiti wa majaji? Bwana Anold. Ndipo akaandika yale ya gazetini mwezi uliopita, ati wa kwanza kuitambua.

Nikalibeba gazeti lake jipya mkono huu, karatasi ya zamani mkono huu, nikaenda kwa Shamsiya. Nikamkuta Khuloud ameshafika, uso umemshuka.

"Shangazi Narmin," akasema, "nakuomba sana, hiyo karatasi isije ukumbini. Yeye ndiye mwenyekiti. Akiudhika anaweza kuiondoa filamu kwenye ratiba, ameshasema kuna nyingine anaipenda zaidi."

"Aiondoe!" nikasema. "Yaani aongope mbele ya watu na sisi tumpigie makofi? Aliyemwita tangazo la sabuni ni nani, mie?"

"Karatasi hiyo naijua vizuri kuliko mtu yeyote, shangazi. Mimi ndiye niliyeikuta."

Shamsiya alikuwa anatia uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa. Nikamgeukia. "Sema basi! Huyu mtu alikumaliza. Unamwacha hivi hivi?"

Akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. "Narmin, hii filamu haijapata kuonyeshwa ukumbini hata siku moja. Sijapata kukaa na watu wakaitazama. Sijui kama mtu anaweza kuikalia mpaka ile ya saba. Nataka nijue hilo kabla sijafa. Hilo tu." Kisha akamwambia Khuloud, "Mwambie huyo mwenyekiti wako asiwe na wasiwasi. Sitoi neno la gazeti. Na huyu hatoi."

"Mie sijaahidi!" nikasema.

"Nimekuahidia mie," akasema, na mbele ya mwanamke yule, baada ya niliyomfanyia, ningejibu nini?

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Walikuja Waarabu wa Pangani na watoto wao, walikuja watu wa Kigombe, walikuja wanafunzi na simu zao. Walikuja na wale wale wa sokoni, nikawaona, wamevaa vizuri, wanajisogeza viti vya mbele. "Shamsiya wetu!" wanasema. Wetu! Nilitamani kuwauliza Sabuni kaenda wapi, lakini Shamsiya alikuwa ameshaniahidia.

Anold akapanda jukwaani. Mzee wa miaka sabini, nywele nyeupe, shati la kitenge, sauti ya redioni. Akasema, "Nilipoitazama filamu hii kwa mara ya kwanza, ndugu zangu, nilinyanyuka kitini. Nilijua nimekutana na mwigizaji mkubwa kuliko wote waliotoka mwambao huu." Alinyanyuka kitini! Ndiyo, alinyanyuka akaizime! Nikainuka nusu. Shamsiya akanishika baibui kwa nyuma, akanivuta, nikakaa kwa kishindo, mwanamke wa pembeni akaniuliza kama naumwa.

Taa zikazimwa. Filamu ikaanza. Sikuitazama, naijua. Nilimtazama Shamsiya. Alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe, moja juu ya nyingine, na kilipokaribia kile kipande akafumba macho. Wanaume wakaanza kugawana minazi. Kanzu ya kwanza. Nikasubiri viti vilie, nikasubiri mtu acheke. Simu moja ililia, mwenyewe akaizima haraka kama ameungua. Kanzu ya tatu. Nyuma yetu bibi mmoja akanong'ona, "Maskini, anawasikia wote." Kanzu ya tano. Mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa. Ya saba, pale kiganja kinapotua, ukumbi mzima ulivuta pumzi, nilisikia kwa masikio yangu, na yule bibi akasema innalillahi kama amefiwa yeye.

"Hakuna aliyetoka," nikamwambia Shamsiya sikioni.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Hapo akafumbua macho. Na hapo hapo nikamsikia Anold, viti viwili mbele yetu, anamwinamia Khuloud, anamwuliza, "Mwisho huu ulikuwamo tangu zamani?" Khuloud akamkodolea macho. Mie damu ilinipanda mpaka masikio yakavuma. Kumbe ndiyo kwanza anauona! Miaka ishirini na zaidi tumebeba maneno ya mtu ambaye filamu yenyewe hakuiona!

Ilipokwisha watu walisimama. Makofi hayakatiki, vigelegele, wengine wanalia waziwazi. Wakawapandisha jukwaani wote wawili, Shamsiya na Anold, viti karibu karibu, kipaza sauti kimoja. Ikawa zamu ya maswali. Akasimama mwanafunzi mmoja, mrefu mwembamba, akasema jina lake Methusela, amesafiri kutoka Lushoto kuja kumwona bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeitazama hii mara tisa. Nimetafuta kila mahali zile nyingine ulizocheza, sizipati. Filamu zako nyingine tutazipata wapi?"

Kila mtu akawa anataka kujua. Wale wa sokoni nikawaona wanatazama miguu yao. Shamsiya alikuwa ameahidi hatatoa neno la gazeti, na hakulitoa. Akakitazama kipaza sauti, kisha akamnyooshea Anold. "Mjibu mtoto," akasema.

Anold akakipokea. Akanitazama mie, sijui kwa nini, labda nilikuwa na sura ya mtu mwenye karatasi. Karatasi niliiacha nyumbani, wallahi, lakini yeye hakujua. Akasema, taratibu, na ile sauti ya redioni imemtoka, "Mimi niliandika. Nilikuwa na kanda nne za kuandika siku ile. Nilifika pale anapoanza kukunja, nikazima. Nikaandika. Aliacha kucheza kwa sababu yangu. Naomba radhi."

Na wakampigia makofi! Nakuapia! Ukumbi mzima, makofi, kwa uungwana wake wa kuomba radhi. Mtu wa pembeni yangu anasema, "Mzee ana moyo mkubwa." Moyo mkubwa! Nikasonya mpaka watu wakageuka. Anold akainamisha kichwa, watu wanazidi kupiga, ikawa kama shughuli yenyewe sasa ni yake.

Yule kijana Methusela peke yake hakupiga makofi. Alikuwa bado amesimama, daftari mkononi, kalamu tayari. Makofi yalipopungua akasema, "Samahani, bibi. Sijaelewa. Kwa hiyo ziko wapi?"

Shamsiya akakichukua tena kipaza sauti.

"Hazipo, mwanangu," akasema. "Ni hiyo moja tu."